Ruta Iliyofungiwa Kabatini

"Mama, naomba ufunguo wa kabati."

"Kabati la vyombo? Ili iweje?"

"Nimtoe mfungwa."

Shangazi, pale kochini, alicheka mpaka akashika mbavu. Mama hakucheka. Ufunguo ule ulikuwa unaning'inia shingoni mwake, na ndani ya kabati, kati ya bilauri za wageni na vikombe visivyowahi kuonja chai, ilikaa ruta ya pili ya nyumba ile, kisanduku cha kurushia intaneti. Imevalishwa kitambaa cha kufuma, taa zake za kijani zinakonyeza kwenye kioo cha nyuma.

"Nilitaka mgeni akiingia aone tuna mbili," Mama alijitetea.

"Mgeni ataiona, Mama. Simu ndiyo hazitaiona. Kioo hicho kinairudisha waifai sebuleni. Kule uani yanafika makombo tu."

Aliyesema hivyo ni fundi wa mitandao, mtaa mzima unamwita Waya. Dada mwembamba, ovaroli ya bluu, penseli nyuma ya sikio. Ukimwona juu ya ngazi anavyopitisha kebo ukutani, taratibu kama mtu anayemsuka mtoto nywele, unaweza kusahau shida uliyomwitia.

Mkalimani hakuisahau. Huyu ndiye kijana wa Mama. Hufanyia kazi kwenye chumba cha uani, anawatafsiria madaktari na wagonjwa kwa simu. Sauti ikikatika katikati ya maelezo ya dawa, ni balaa. Lakini kilichomkosesha raha siku hiyo kilikuwa kingine. Mchumba wake alikuwa masomoni nchi nyingine, na kwa miezi minne kila wakiongea, simu inakatika. Saa kumi na moja jioni familia mbili zilikuwa zikutane kwenye kioo cha simu kupanga tarehe ya harusi.

"Ikikatika na leo, basi," aliapa. "Nitajua ananikwepa. Uchumba umekwisha."

Waya alisikia, akainama kutafuta bisibisi ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Shangazi akamfuata koridoni, akamnong'oneza, "Wewe mtoto, mimi nina macho. Tangu mnasoma darasa moja unamtazama hivyo hivyo. Sasa iache ilivyo! Ikikatika jioni, mwanamume ni wako."

"Siwezi, Shangazi."

"Huwezi au hutaki?"

"Nikimpata kwa kazi mbovu, nitamwangalia usoni vipi?"

Shangazi akabetua midomo, akarudi kochini kwake.

Waya akarudi sebuleni, akampigia Mkalimani simu ya mtandaoni ilhali wamesimama hatua mbili.

"Tembea mpaka chumbani kwako huku unahesabu kwa sauti. Usinyamaze."

"Moja, mbili, tatu..."

Alipofika thelathini na moja, mbele ya mlango wa bafu, simu ikakata. Wakarudia. Thelathini na moja. Mara ya tatu, palepale.

"Nimeipata," Waya alisema, macho yakimng'aa. "Nani alifunga hii ya pili?"

"Mjomba," nyumba nzima ikajibu kwa pamoja.

"Mjomba alijitahidi, ila kasahau kitu kimoja. Kila simu ikiingia kwenye mtandao hupewa anwani. Sasa ruta zote mbili, hii ya kabatini na ile ya kwanza iliyoko jikoni, zinagawa. Chukulieni nyumba imejaa wageni, Mama anagawa vitanda na Shangazi naye anagawa vitanda. Mgeni katoka sebuleni na kitanda alichopewa na Mama, akifika koridoni Shangazi anamwambia hicho sikitambui, anza upya. Hapo ndipo simu inakatika. Mgawaji anatakiwa mmoja."

"Mmoja tu!" Mama alidakia, akimkata Shangazi jicho.

Waya akafungua laptopu, akainyima ruta ya pili kazi ya kugawa anwani. Akaihamishia ukutani koridoni, juu, mahali pa wazi, kitambaa akamrudishia Mama kikiwa kimekunjwa. Mkalimani alikuwa amemshikia ngazi.

"Kwa hiyo miezi yote hii," akauliza polepole, "hakuwa ananikatia?"

Shangazi akakodoa macho. Waya alikuwa na jibu moja la kusema ukweli na mengine kumi ya kujipendelea.

"Pale bafuni, ni mtandao wenu uliokuwa unakukatia. Hilo usimlaumu yeye."

Akateremka. Wakapima tena. Ishirini na tisa, thelathini, thelathini na moja, thelathini na mbili... Mkalimani alifika hamsini amesimama dirishani, anacheka peke yake. Waya akakusanya vifaa vyake, akaaga kabla ya saa kumi na moja.

Saa ikafika. Picha safi, sauti safi. Mchumba akasalimia, Mama akaingia moja kwa moja, "Haya mwanangu, tarehe tuseme lini?"

"Mama? Haloo? Siwasikii... mtandao wenu huo mbovu, nitawapigia."

Akakata.

Kutoka uani sauti ya Shangazi ikapaa: "Mtandao upi mbovu? Tamthilia yangu huku haijakwama hata mara moja!"

Mkalimani akaandika: "Mtandao wetu umepona leo. Niambie ukweli."

Jibu likachukua dakika kumi.

"Nisamehe. Mwanzo ulikuwa unakatika kweli. Baadaye nikawa najificha humo. Nina mtu huku."

Mama alimkalisha mwanawe karibu, akamshika bega.

Zikapita wiki saba. Siku moja mchana Waya yuko juu ya ngazi ya mteja mwingine, simu ikaita.

"Kuna hitilafu?"

"Hakuna. Ndiyo shida yangu. Wiki saba haijakatika hata mara moja. Natafuta sababu ya kukuita nimekosa."

"Sasa?"

"Sasa nakupimia tu. Moja, mbili, tatu..."

Waya alisikiliza, bisibisi hewani. Thelathini na moja. Kimya.

"Upo? Haloo?"

"Nipo. Nimesimama koridoni, chini ya ruta yako. Shangazi kanieleza alichokushawishi siku ile, na ulivyomjibu." Akavuta pumzi. "Ulinitengenezea simu ya kumwoa mwingine, na ukaitengeneza vizuri. Sijawahi kuona mtu kama wewe. Waya, nimwoe nani kama si wewe?"

Nyuma yake sauti ikanong'ona, "Amesemaje?" Nyingine ikaijibu, "Shangazi, nyamaza tusikie!"

"Mama na Shangazi wapo hapo?" Waya aliuliza.

"Na Mjomba."

"Basi waambie ndiyo. Na Mjomba asiguse kitu."

Siku ya harusi, nyumba imefurika mpaka uani na simu zote zina mtandao, Mama alivua ule ufunguo shingoni, akamvalisha mkwewe.

"Kabati ni lako, mwanangu. Weka unachotaka."

"Vikombe, Mama," Waya alimjibu. "Na leo vinywewe chai."