Cherehani ya Mti

Siku ya soko mjini Baraka, mwaka wa hamsini na sita, Pulchérie alimmwagia mwanamume maji usoni mbele ya watu wote, na wala hakujuta.

Alikuwa barazani kwa tajiri Zuberi, pale anaposhonea siku zote, amevaa blauzi nyeupe ya mikono mipana na kikwembe, kitenge cha maua mekundu, mguu wake ukikanyaga pedali ya cherehani kuukuu ya Zuberi. Watu walijaa mpaka barabarani, samaki wadogo wa ndagala wakinuka, vumbi likiingia puani. Akahisi anatazamwa. Kuinua macho, akaona kijana mrefu wa kaptula ya kaki, penseli sikioni, amechuchumaa hatua mbili tu mbele yake, shingo ameikunja, macho yamekwama chini ya kikwembe.

"We muntu! Unaangalia nini?"

"Mashini."

"Mashini iko ku miguu yangu?"

"Ndiyo, iko ku miguu yako. Sogeza huu wa kuume kidogo, unanifichia pedali."

Hapo ndipo alipochukua kikombe chake cha maji na kummwagia. Bamama wauza samaki walicheka mpaka wakashika mbavu. Kijana akajifuta uso kwa kiganja, akauliza kwa upole, "Sasa naweza kuendelea?"

Kumbe alikuwa anasema kweli! Na hilo lilimuudhi Pulchérie kuliko kama angekuwa mhuni. Miguu yote ile, na mtu anatazama chuma?

Jina lake Casimir, seremala wa misioni kule juu Fizi. Akitoka kazini, huchonga kwa mti mashine za zamani za nyumbani, ndogo za kukaa kiganjani: kinu cha kahawa cha kuzungusha kwa mkono, gramafoni yenye pembe, pasi ya makaa yenye mfuniko unaofunguka. Hakuchonga kwa kukisia. Lazima aione mashine yenyewe, aipime kwa uzi, parafujo kwa parafujo. Na kama ya kweli ina ufa, ya mti nayo inachongwa ufa uleule.

Basi akawa anashuka Baraka na kamio, lori la mizigo, kila siku ya soko. Miezi miwili wakagombana.

"Leo umekuya kuona mashini ao kuniona miye?"

"Mashini. Weye haunyamaze. Yeye ananyamaza."

"Basi umuoe yeye!"

"Angekubali, tungekuwa tumekwisha kuoana."

Pulchérie akacheka, kisha akakasirika kwa sababu amecheka. Alikuwa amekwisha kuanza kuvaa vile vikwembe vyake vizuri siku za soko tu, na aliyeliona hilo alikuwa kila mtu isipokuwa fundi huyu bwege.

Siku moja Casimir akasema, bila kuinua kichwa, "Pedali imelika upande huu. Ni mguu wako. Miaka ngapi?"

"Mine."

"Miaka mine ku mashini ya muntu mwingine?"

Ah, hapo alimgusa donda. Alikuwako bwana mmoja wa Uvira, Placide, aliyeahidi kumwoa na kumletea cherehani yake mwenyewe. Akala kwa kina Pulchérie mwaka mzima. Cherehani iko njiani, cherehani imefika bandarini Kalundu, cherehani inangoja meli. Mwisho akapotea yeye na cherehani yake ya mdomo, na Baraka nzima ikampa Pulchérie jina: Bibi Cherehani. Tangu hapo shangazi yake Marthe, aliyemlea, aliapa kwamba hakuna mwanamume atakayemchukua mtoto wake kabla cherehani haijaingia ndani ya nyumba.

Pulchérie akamweleza yote kwa sauti kavu. "Shangazi anataka mashini. Miye nataka muntu asinidanganye."

Casimir akafunga uzi wake wa kupimia, akausokota taratibu. "Nitatuma bazee," akasema. Pulchérie akainamia kitambaa chake asionekane anatabasamu.

Wazee walikuja Jumapili, wamevaa makoti, wakiongozwa na Albert, baba mdogo wa Casimir. Mwenyewe Casimir alibaki Fizi, maana mposaji haji siku ya kwanza. Pulchérie alikuwa nyuma ya mlango na kikwembe kipya. Shangazi Marthe akauliza neno moja tu, "Na mashini?"

Mzee Albert akakohoa. Akasukuma kifurushi cha kitambaa kilichofungwa vizuri. "Mashini ndiyo hii. Tumeileta."

Sasa, kwa desturi, zawadi ya wageni haifunguliwi mbele yao. Lakini Marthe alikwisha kudanganywa mara moja. Akafungua palepale. Ndani kulikuwa na cherehani ya mti, ndogo kama kopo la chai, ina gurudumu lake, ina sindano yake, ina pedali iliyolika upande mmoja.

Kilichofuata hakisimuliki. Marthe aliwafukuza wazee kwa ufagio, majirani wakatoka, na kabla jua halijazama bamama walikuwa wakiulizana kwa nguvu kama Bibi Cherehani atashona nguo za panya.

Pulchérie hakulia. Alfajiri alipanda kamio, akakaa juu ya magunia ya mihogo, kitu kile mapajani, akafika Fizi nywele zimejaa vumbi jekundu. Akaingia karakana wakati wa kazi, mbele ya maseremala wote.

"Casimir! Kamata kitu chako cha batoto!"

Akakitupa. Kikagonga meza, gurudumu likaruka. Casimir akaliokota, akaanza kuligeuzageuza kutazama lilipovunjikia.

"Unalilia mti? Na miye je? Placide alinicheka nyuma ya mugongo, weye umenicheka mbele ya mulango! Bora yeye!"

Casimir akainua uso. "Baba mudogo alisema nini?"

"Alisema mashini ndiyo hii, tumeileta."

Casimir akaliweka gurudumu mezani. "Nilimutuma aseme: mutoto wetu hana mashini, hataki kubadanganya, hii aliichonga tu ili Pulchérie ajue ya kuwa alimuona, hata pale mguu wake umekula chuma."

"Uongo!"

"Yeye iko pale inje. Muulize."

Mzee Albert alikuwa mlangoni, kofia mkononi, akitazama vidole vya miguu yake. "Niliona haya, binti yangu. Nisimame mbele ya bakwe niseme hatuna kitu? Nilijua hawatafungua mpaka tuondoke."

Pulchérie alimtazama mzee, akamtazama Casimir. Hasira haikutoka, ilihama tu. "Na weye, neno kubwa hivi unalitia mu kinywa ya muntu mwingine?"

"Desturi..."

"Desturi gani! Ufunge kazi. Tunashuka wote. Utamwambia shangazi kwa kinywa yako, na bantu basikie."

Wakashuka. Kamio iliporuka kwenye mashimo Pulchérie alimshika Casimir mkono, na kamio ilipotulia hakuuachia.

Jioni hiyo soko la samaki lilikuwa limejaa. Marthe alikuwa barazani kwa Zuberi akifagia mabaki ya vitambaa. Casimir akasimama mbele yake.

"Mama, miye sina mashini. Leo sina, kesho sina. Nitatumika kazi mpaka ipatikane, na siku yake siijui. Namtaka Pulchérie."

Baraza lote likalipuka kwa vicheko. "Bibi Cherehani! Anaolewa na mti!" Casimir akainamisha kichwa. Marthe akanyanyuka na ufagio.

Pulchérie akaketi kwenye cherehani ya Zuberi, akaweka mguu juu ya pedali, akageukia soko.

"Mwenye kucheka akuye achukue kitambaa chake! Nguo za sikukuu ya Maria zote ziko kwangu, hakuna hata moja yenye mikono. Siku zimebaki sita. Georgette, weye unacheka? Kamata gauni yako, ukashone na meno!"

Vicheko vikakatika. Georgette akaziba mdomo kwa ncha ya kikwembe.

Marthe akamtazama mtoto wake, kisha yule kijana, kisha ufagio ulio mkononi mwake mwenyewe. Akaulaza chini.

"Zuberi," akasema, bado amenuna, "umupe huyu muntu kiti."