Siku ya Tatu Bila Sigara

Kila asubuhi mimi, Lusungu, hufagia uwanja wetu hapa Bujonde, kisha huingiza mkono kwenye masanduku mawili ya kakao. Mbegu zinazovundikwa vizuri huwa za moto chini ya majani ya migomba. Jumamosi ile sanduku la kulia lilikuwa limetimiza siku sita, tayari kuanikwa. La kushoto lilikuwa na siku mbili tu, nalo lilitakiwa kugeuzwa na kufunikwa tena. Jambo hilo kwetu hata mtoto wa chekechea analijua.

Mjomba Anyosisye hakulijua. Mtu mzima hovyo! Alhamisi alikuwa ameacha sigara baada ya kukohoa mwezi mzima, na tangu hapo nyumba haikukalika. Aligombana na kuku. Aliuliza ndoo iko wapi huku ameishika mkononi. Chai aliitia chumvi, akainywa, akaninunia mimi. Yote hayo kwa ajili ya kijiti kisichozidi kidole changu! Nilimdharau, wala sikuficha.

Mama ni muuguzi wa zahanati. Alipokuwa anatoka kwenda kazini alimwagiza mjomba aanike sanduku la kulia, naye akaitikia vizuri. Haukupita muda nikamwona anafunua la kushoto, anachota mbegu zenye ute mweupe na kuzimwaga kichanjani. Kakao ikikauka kabla ya kuiva huwa chungu, na mnunuzi huikataa. Yalikuwa mavuno yetu makubwa ya mwaka. Neno moja tu lingetosha, lakini nililimeza. Acha aumbuke mbele ya Mama, nikasema moyoni.

Aliumbuka mwenyewe. Alipasua mbegu moja, akaikuta ya zambarau ndani, bado mbichi. Akaitupa chini.

"Kichwa sina tena," alisema. "Naenda dukani. Nivute moja tu, akili inirudie."

Hapo nilimkimbilia. Siku tatu za mateso zilikuwa zinakwenda kupotea, na mimi nilikuwa nimesaidia.

"Mjomba, usiende," nilisema. "Nilikuona tangu mwanzo. Nilinyamaza makusudi ili Mama akugombeze."

Mama alikuwa amerudi kuchukua funguo alizosahau, akayasikia yote. Hakufoka. Alisema jua bado halijawa kali, basi tuzirudishe mbegu sandukuni upesi. Tukaanza kuzoa sote watatu, huku akitueleza. Alisema ubongo wa mvutaji huizoea nikotini mpaka ukaitegemea ili utulie. Ukinyimwa, huidai. Mtu husahau, hukasirika, hushindwa kukaza akili kwenye jambo moja. Siku ya pili na ya tatu mara nyingi ndizo mbaya zaidi, na baada ya majuma machache ubongo hujifunza kuishi bila hiyo.

"Na hamu yenyewe ikipanda, haikai," alisema. "Ngoja dakika chache, itashuka. Sigara hairudishi akili, kaka yangu. Inatuliza kiu iliyoileta yenyewe."

Tulipolifunika sanduku la kushoto kwa majani mabichi na kuanza kuanika la kulia, mjomba alisimama akijisikiliza. Alisema ile hamu ya dukani imekwisha. Akanigeukia, akaniambia, "Ndaga," yaani asante, nami sikustahili.

Mama alinitazama. "Yeye alikosea kwa sababu kichwa chake kiko vitani. Wewe kichwa chako ni kizima. Uliona, ukanyamaza. Sasa nani kati yenu alitaka kuiharibu kakao yetu?"

Tangu saa ile, mjomba alipoanza kunung'unika, nilimwita tugeuze kakao au tuchote maji mpaka hamu ishuke. Jumatano tulipasua mbegu za sanduku la kushoto, tukazikuta za kahawia, zimeiva. Mjomba alikuwa ametimiza siku saba.

Mama alinipa mbegu moja ninuse. "Dharau unayo nyingi, mwanangu," alisema. "Basi idharau sigara. Anayepigana nayo, mshike mkono."