Diski Zilizotoka Bisibo

Pikapu ya Aristides ilianza kutetemeka siku ileile ilipotoka gereji. Ikiwa inakimbia ilitulia kama zamani. Ila akigusa breki tu, pedeli ilimsukuma mguu, usukani ukamchezea mikononi, na chini ya sakafu kitu kikagonga kama ngumi ya mtu aliyefungiwa ndani.

"Clever kakufungia nini?" akauliza mkewe, Adventina. Walikuwa wamepakia ndizi kutoka Murusagamba kuzipeleka sokoni Ngara mjini.

"Pedi mpya na diski za mtumba. Nilizikagua mwenyewe."

Wakageuza kurudi gereji. Fundi Clever hakubisha. Alifungua matairi ya mbele, akasugua kutu pale diski inapokalia, akakaza nati upya kwa kupishana. Mwisho akaweka kipimo cha sindano ubavuni mwa diski na kuizungusha taratibu. Sindano ikatulia tuli.

"Diski imenyooka," akasema. "Ingekuwa imepinda, sindano ingecheza."

Akaliendesha gari mwenyewe hadi njia panda na kurudi. Aliposhuka alikuwa akijifuta mikono kwa kitambaa, ingawa haikuwa na grisi.

"Mmewahi kupakia dagaa humu?"

"Ndizi tu," akasema Aristides.

"Kila nikikanyaga breki nasikia harufu ya dagaa. Dagaa na damu."

Clever akazipeleka diski zikakerezwa kwenye mashine, akazirudisha ziking'aa. Gari likatetemeka kuliko mwanzo.

Kisha jambo lile likahamia nyumbani. Adventina alikuwa jikoni akimenya ndizi mchana mmoja, kisu kikaanza kumchezea mkononi, mkono ukafuata, na bega, na meno, akaanguka kando ya mafiga akitetemeka huku akisikia kifuani mwake kishindo cha kitu kinachogongwa na kuburutwa, kikaacha, kikarudi tena, hata akakata shauri kuwa ni malaria. Zahanati hawakuona malaria. Jioni mumewe aliporudi, Adventina alimtazama kwa woga.

"Leo umefunga breki ghafla pale mteremkoni," akamwambia kwa sauti ndogo. "Mbuzi walikuwa wanavuka."

Aristides hakuwa amemsimulia mtu habari za mbuzi.

Walikuwa Wakatoliki, na walishaombewa parokiani. Lakini Adventina alipoacha kula, Aristides alimpeleka kwa Mama Eustakia, mganga wa miti shamba pale Murusagamba. Mama yule alimfukizia majani, akamfunika shuka, akamshika vidole vya miguu.

"Wewe ni jini la wapi? Umetumwa na nani?"

Shuka likaanza kutetemeka. Ikatoka sauti nzito ya mwanamke mwingine, ya Kirundi cha ng'ambo ya mpaka, isiyo ya Adventina.

"Mimi si jini, sijatumwa. Naitwa Nahimana. Nilikuwa nauza dagaa."

"Huyu mke wa watu amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Namtaka mwenye zile diski. Alinikanyaga mimi, breki hakuikanyaga. Akanipitia, akarudi nyuma kutazama, nikamwomba maji kwa mkono, naye akanivuta kichakani akaniacha huko na pumzi yangu, na ndugu zangu mpaka leo wananitafuta, na kila mguu unapokanyaga chuma kile naamka, nauliza, mbona wewe unakanyaga, mbona yeye hakukanyaga, mbona…"

Mama Eustakia akamwachia vidole.

"Nikizitupa mtoni?" Aristides akanong'ona.

"Atabaki na mkeo. Zipeleke kwa mtu wake."

Clever alipoulizwa alisema diski alizipata kwa Anatory wa Bisibo, kule Biharamulo, mtu mzima aliyelichambua gari lake mwenyewe nyuma ya nyumba na kuuza spea. Akazifungua, akafunga nyingine. Aristides akazitia kwenye gunia, akamlaza Adventina kitini, wakaenda.

Walimkuta Anatory barazani anakula.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mna shida gani?"

Aristides akaweka gunia miguuni pake. "Ni diski zako. Mwanamke aliyemo anaitwa Nahimana."

Tonge likabaki hewani. "Simjui."

"Anakujua. Mzee, ndugu zake wanamtafuta. Nenda ukawaonyeshe alipo, labda atakusamehe."

"Ondoa takataka zako hapa," akasema Anatory, akalipiga gunia teke.

Ndani ya gunia chuma kikalia, kikaendelea kulia wakati hakuna aliyekigusa. Anatory akasimama. Mguu wake ukaanza kutetemeka, akaupiga chini, ukazidi, akapiga hatua moja ukatulia. Akapiga nyingine. Garini, Adventina akafumbua macho na kuomba uji.

Wakamwacha Anatory akizunguka ua wake.

Habari zikawafikia kidogo kidogo. Kwamba Anatory hawezi kusimama. Akisimama hutetemeka hata meno yakavunjika, na wanaomshika hutetemeka pamoja naye mpaka wamwachie. Analala akitembea, anakula akitembea. Aliyekataa kusimama, sasa kusimama kumemkataa.

Asubuhi moja ya mvua wakamkuta barabarani, katikati ya njia, nyayo zimechanika. Aristides akafunga breki. Gari likatii, laini. Anatory akalizunguka, akazunguka tena, akisema kila apitapo dirishani.

"Nigonge, bwana. Nigonge nisimame."

"Nenda kwa ndugu zake," akasema Adventina. "Waambie alipo."

"Nimekwenda, mama. Nimewaonyesha mifupa. Wamezika, na padri amesali."

"Basi mwombe Nahimana akuache."

"Namwomba kila siku." Akapita nyuma ya gari, akatokea upande wa pili, akitweta. "Anasema bado hajachoka."

Adventina akapandisha kioo.