Gurudumu la Mbele Kushoto

Alhamisi alasiri Salmabad, mtaa wa magereji wa Bahrain, hapapitiki. Kila mwenye gari bovu amekumbuka siku hiyo hiyo kwamba kesho ni Ijumaa, magereji yamefurika, na madukani watu wamebanana kaunta wakipunga vipuri vyao vya zamani ili wapewe vipya vinavyofanana navyo. Katika duka moja la aina hiyo Lulwa alikuwa anatoka na Talal anaingia, na mlango ulikuwa mmoja.

Lulwa alivaa baibui jeusi, mikono ameikunja hadi viwikoni, mtandio umerudi nyuma kwa joto, na kifuani amekumbatia diski mbili mpya za breki za gari la mbio. Talal alikuwa bado na ovaroli la bluu la kiwanda cha alumini, vumbi la kijivu limemjaa kwenye nyusi.

"Dada, lete nikupokee," alisema. "Mumeo hana huruma, anakutuma vyuma vizito hivi?"

"Sina mume."

"Basi kaka yako."

"Kaka yangu hata boneti hajui inafunguliwa wapi. Diski zangu, gari langu, na wewe umeniziba mlango."

Talal alisogea. Lulwa akapita na harufu ya udi iliyochanganyika na grisi. Talal alitaka kumwambia neno zuri, akasema la kifundi, maskini.

"Na mafuta ya breki umechukua? Ya kawaida yatachemka mzunguko wa tano."

"Nimechukua yasiyochemka. Kwaheri, mwalimu."

Kesho yake asubuhi Talal alimwona tena kule kusini, uwanjani, siku ambayo klabu yao ya madereva wa ridhaa hukodi njia ya mbio na kila mtu huja na gari lake alilolitengeneza kwa mikono na kwa mshahara wake. Lulwa alikuwa kwenye foleni ya ukaguzi ndani ya gari dogo jeupe la viti viwili, kofia ngumu mapajani. Talal alikuwa ndiye mkaguzi wa foleni hiyo, na kizibao chake cha manjano.

"Mwalimu!" Lulwa alicheka.

Talal hakucheka, maana kazi ya ukaguzi kwake ilikuwa kama ibada. Alikaza nati moja moja, akavuta betri kuona kama imefungwa, akakanyaga breki. Kisha akapiga goti mbele ya kila gurudumu, akalishika juu na chini, akalitikisa. Beringi iliyochoka huisikii kwa sikio mpaka umeshachelewa, lakini mkono unaoijua huihisi mapema. Alipomaliza akabandika stika kwenye kioo.

"Pita, bibie. Na hapa hatushindani. Hupiti mtu mpaka akuonyeshe kwa mkono."

"Sishindani na mtu mimi. Nashindana na Lulwa wa mwezi jana."

Mapenzi yao yalianzia hapo, na yalikwenda kwa simu. Lulwa alikuwa fundi wa meno ya bandia katika zahanati moja ya Muharraq, na Talal alimpigia kila mapumziko ya mchana.

"Umekula?"

"Bado. Nina taya la mzee mkononi, linangoja meno."

"Mzee na anywe supu leo. Matairi umejaza ngapi?"

"Ishirini na sita, yakiwa baridi."

"Mengi hayo. Yakipata moto yatapanda, utateleza kama uko kwenye sabuni."

"Ndiyo maana nakupenda, Talal. Wenzako wanawaimbia wachumba wao, wewe unanisomea upepo."

"Umesema nini?"

"Nimesema ishirini na nne basi."

Jioni nyingine waliegesha magari mawili ubavu kwa ubavu mbele ya kibanda cha chai ya karak, madirisha wazi, kila mtu kwenye gari lake na kikombe chake, wakaongea mpaka chai ikapoa. Watu walipita wakawaona, na hakuna aliyeuliza, maana mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mama yake Talal alikuwa ameshaanza kuuliza ni nyumba gani, na mama wa binti anapenda nini.

Februari likatokea jambo. Jamaa mmoja wa Riffa aliikosa kona moja ya kasi kule uwanjani, gari likapinduka mara tatu mchangani. Talal alikuwa amesimama karibu kuliko wote. Ndiye aliyekata mkanda, ndiye aliyemvuta nje. Mtu mwenyewe alivunjika mtulinga tu na kufika jioni alikuwa hospitalini anadai wali. Talal ndiye hakulala wiki nzima, maana gari lile lilikuwa dogo, jeupe, la viti viwili.

Mwezi wa Machi foleni ilipomleta Lulwa mbele yake, alipiga goti kwenye gurudumu la mbele kushoto, akalitikisa, akakaa chini kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Beringi inacheza," alisema bila kuinua uso. "Sikupi stika leo."

"Inacheza? Nimeishika mwenyewe jana."

"Jana si leo, mpenzi. Rudisha gari."

Lulwa alimwamini. Hilo ndilo lililokuja kumuuma kuliko yote, kwamba alimwamini palepale, akapakia vitu vyake, na njiani akampigia simu kumshukuru. "Mkono wako umeniokoa, roho yangu," alimwambia. Talal akajibu, "Usiseme hivyo," na Lulwa akadhani ni unyenyekevu.

Gereji walilipandisha gari kwenye jeki, wakaisukuma beringi kwa mashine mpaka ikatoka. Fundi akaizungusha kidoleni, akaisikiliza, akatikisa kichwa.

"Dada, nzima kabisa hii. Nani kakuambia mbovu?"

"Mtu anayejua."

"Basi alikuwa anajua kitu kingine."

Lulwa alielewa, na hasira ikampanda mpaka masikio yakapiga kelele. Fundi alipouliza kama airudishe hiyo hiyo, maana dukani mpya hazikuwepo mpaka wiki ijayo, alisema rudisha. Kila anayeshika spana anajua beringi ikishachomolewa kwa nguvu huumia ndani na hairudishwi, na Lulwa alilijua hilo vizuri. Lakini siku hiyo hakuwa anaiwazia beringi.

Simu aliipiga palepale, kelele za gereji nyuma yake.

"Talal. Beringi yangu ina nini?"

"Kwa nini unauliza?"

"Jibu."

"Labda nilikosea..."

"Mkono wako haukosei. Niambie ina nini."

"Haina kitu," alisema mwishowe. "Nilifanya kwa ajili yako, Lulwa."

"Kwa ajili yangu, nyuma ya mgongo wangu? Unamjua marehemu baba? Hakuwahi kunikataza kitu maishani mwake. Alikuwa anapoteza funguo. Nikitaka kutoka, funguo zimepotea. Nikitaka shule ya mbali, fomu imepotea. Alinipenda sana, na mpaka anazikwa sikuwahi kujua ni lini ananiambia ukweli. Siwezi kuolewa na funguo zilizopotea, Talal."

"Nisikilize, mpenzi..."

"Mwambie mama yako asije."

Akakata. Talal alipiga siku tatu mfululizo, kisha akaacha, kwa sababu kila alipofikiria angesema nini kama simu ingepokelewa, hakupata. Mama yake alimuuliza kulikoni, akajibu beringi, na mama akaondoka akijua mwanawe amechanganyikiwa.

Siku ya Aprili uwanjani ilikuwa ya mwisho kabla ya joto kufunga msimu. Lulwa alijipanga kwenye foleni ya mkaguzi mwingine, lakini wasimamizi wakazigawa upya foleni, na alipoinua macho kizibao cha manjano kilichomsubiri kilikuwa cha Talal.

"Kagua," alisema, akitazama mbele. "Na usianze."

Talal alikagua. Nati, betri, breki. Gurudumu la nyuma, jingine la nyuma, la mbele kulia. Akapiga goti mbele ya kushoto, akashika juu na chini, akatikisa. Mkono ukahisi mgongano mdogo, kok, ndani kabisa. Akatikisa tena, akiomba Mungu awe amekosea. Kok.

Alijua kilichotokea kana kwamba alikuwepo gereji. Uongo wake ulikuwa umezaa. Alijua pia kwamba akisema neno "beringi", Lulwa ataondoa gari hapo na kuingia njiani hata bila stika, au atakwenda kwa mtu mwenye haraka ampitishe, na ile kona ya kasi huelemea gurudumu la kushoto.

"Imefanya nini?" Lulwa aliuliza. Sauti yake ilikuwa baridi. "Inacheza?"

Talal alisimama. Nyuma kulikuwa na magari kama thelathini, madereva wamesimama nje na kofia zao makwapani. Mkuu wa wakaguzi alikuwa mzee mmoja mstaafu wa zimamoto, Bu Majid, anaogopwa na wote. Talal alimwita kwa sauti ya juu.

"Bu Majid! Njoo ukague gari hili wewe. Neno langu halitoshi hapa."

"Kwa nini halitoshi? Mkono umekufa?"

"Mwezi jana nililikatalia. Nilisema beringi mbovu, na haikuwa mbovu. Nilidanganya. Niliogopa dereva wake asije akafa. Sasa leo nikisema chochote hataniamini, na ana haki."

Dereva mmoja kwenye foleni akapasuka, "Kumbe huku tunakaguliwa na wapenzi! Mimi wa kwangu yuko wapi?" Wakacheka. Bu Majid hakucheka. Alipiga goti kwa shida ya magoti yake, akatikisa gurudumu mara moja tu, akainuka.

"Mbovu," alisema. Kisha akanyoosha mkono. "Vua kizibao, mwanangu."

Talal akavua, akampa, akaondoka akipita kando ya magari yote thelathini kwa mguu. Miaka sita ya ukaguzi ilikwisha hivyo.

Lulwa alishuka. Akakunja mikono ya baibui, akachuchumaa, akashika mwenyewe. Kok. Alibaki pale amelishika gurudumu. Mtu wa Khobar aliyekuwa nyuma yake, aliyevuka daraja alfajiri kutoka Saudia na gari kama lake, akamwambia, "Dada, mimi nina kitovu kizima cha gurudumu kwenye buti, na beringi yake mpya. Kichukue. Utaniletea kingine."

Lulwa alitoa simu.

"Uko wapi?"

"Maegeshoni. Naenda nyumbani."

"Ile spana kubwa unayo?"

"Ninayo."

"Rudi nayo. Sijakusamehe. Nataka spana."

Walifanya kazi saa mbili kwenye kivuli cha turubai. Mwanzoni hawakusema ila shika, vuta, nipe nyundo. Grisi ilimfika Lulwa shavuni na Talal hakuthubutu kumwambia.

"Ningeweza kufa leo," Lulwa alisema, macho kwenye nati.

"Kwa sababu yangu."

"Wewe ulidanganya, mimi nikairudisha najua hairudishwi. Tugawane." Akakaza kidogo. "Ungekaa kimya leo ungebaki na kizibao chako. Ungesema tu gari lina mafuta yanavuja, ukanirudisha nyumbani."

"Nililifikiria hilo."

"Najua. Nilikuona unafikiria."

Bu Majid mwenyewe ndiye aliyekuja kukagua tena. Alitikisa, akabandika stika, akaondoka. Kilibaki kipindi kimoja, dakika ishirini. Lulwa alivaa kofia, akafunga mikanda, akawasha. Talal aliinama dirishani, uso umempauka.

"Sema," Lulwa alimwambia.

"Niseme nini?"

"Hicho kilichokukaba."

Talal alishika ukingo wa mlango. "Naogopa. Nikifumba macho naona lile gari mchangani. Sitaki uende, Lulwa. Sitaki kabisa."

"Na beringi?"

"Nzima. Gari lote zima. Hakuna sababu nyingine ya kukuzuia, ni woga wangu tu."

Lulwa alimtazama, macho tu yanaonekana ndani ya kofia, na macho yalikuwa yamejaa machozi.

"Miaka yote nilikuwa nangoja mtu aniambie hivyo," alisema. "Baba hakuweza. Endelea kuogopa, mpenzi, sikukatazi. Mimi naenda. Na umwambie mama yako aje Jumanne baada ya Alasiri. Ijumaa mama yangu hapokei wageni."

Akashusha kioo cha kofia, akaondoka.

Talal alikwenda kwenye uzio akasimama mahali ambapo ile kona ya kasi inaonekana yote. Akapiga simu.

"Mama," alisema, "Jumanne una kazi?"

"Jumanne? Umenichosha, Talal, si ulisema mambo yamekwisha? Na ni kelele gani hiyo huko? Nakusikia nusu nusu."

Gari dogo jeupe liliingia kwenye kona, likaegemea, likang'ang'ania barabara, likatoka. Talal hakuyafumba macho.

"Mkweo huyo, mama," alisema. "Anapita."