Salio la Bibi Penina

Kila siku akitoka shule, Loisi alimkuta bibi yake ameketi kwenye kigoda mlangoni, simu ameifunga kwenye pindo la khanga. Kabla Loisi hajavua hata viatu, Bibi alikuwa ameshasikia hatua zake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, macho yangu. Haya, nisomee. Wanasemaje leo?"

Loisi alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la saba, na majirani wote pale Hombolo waliijua kazi yake hiyo. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika Bibi Penina macho yote mawili. Mwanga aliuona, kivuli alikiona, lakini mtu alimtambua kwa sauti tu. Mama yake Loisi alifanya kazi Kongwa na kurudi kila mwisho wa mwezi. Yeye ndiye aliyemnunulia Bibi ile simu ya tachi, na Loisi ndiye aliyeitumia kwa niaba yake. Namba ya siri waliijua wawili tu, Bibi na mjukuu, wa tatu Mungu.

Ndani ya simu hiyo mlikuwa na shilingi laki moja na nusu, pesa ya zabibu za shamba lake. Ilikuwa ya kumpeleka Bibi hospitali ya Mvumi: nauli, chakula na gharama za upasuaji wa jicho la kulia. Alishapangiwa siku, Jumatatu, wiki tatu mbele. Kila alasiri Bibi alitaka asomewe salio, ingawa halikubadilika. Alipenda tu kulisikia.

"Laki moja na nusu, Bibi."

"Rudia tena," Bibi alisema, akacheka peke yake.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyoharibika. Yalianza kwa Mjomba Abeli, mdogo wake mama, kijana mchangamfu mwenye bodaboda na maneno mengi. Mjomba alikuwa na mchezo wa kamari kwenye simu uitwao Tiara. Unaweka pesa, tiara inapaa kwenye kioo, na jinsi inavyopaa pesa yako nayo inaongezeka. Ukibonyeza kabla uzi haujakatika, umekula. Ukichelewa, umeliwa. Siku moja alimwonyesha Loisi akila elfu kumi na nane kwa muda wa kunywa maji.

"Mjomba, umeipata bure?"

"Bure kabisa! Ni akili tu, binti yangu."

Akili gani! Siku alizokula, Mjomba Abeli alitangaza kijiji kizima. Siku alizoliwa alisema kichwa kinamuuma.

Jumamosi iliyofuata Loisi aliufungua mchezo ule kwenye simu ya Bibi. Uliuliza kama mchezaji ametimiza miaka kumi na minane. Alibonyeza ndiyo. Laini ilikuwa imesajiliwa kwa jina la Bibi, kwa hiyo kompyuta za kampuni huko zilikokuwa ziliamini kwamba mcheza kamari mpya ni Penina, mkulima wa Hombolo, mwenye miaka sabini na mmoja.

Siku ya kwanza aliweka elfu moja akatoka na elfu tatu na mia tano. Loo! Moyo ulimruka. Alijiambia kwamba ataongeza pesa ya Bibi hadi ifike laki mbili, amnunulie na shali ya kuvaa hospitalini. Lakini ukweli usemwe, mandazi ya kuwagawia rafiki zake yalinunuliwa kwanza. Shali haikuonekana.

Siku ya pili aliliwa elfu mbili. Siku ya tatu aliliwa elfu tano. Hapo ndipo aliposema, "Ngoja nirudishe ya Bibi." Nawaambieni, neno hilo ndilo lililommaliza. Aliweka elfu kumi ili arudishe elfu tano, akaweka elfu ishirini ili arudishe ile kumi. Tiara ilipaa, uzi ukakatika, naye akaanza upya.

Siku hizo zote Loisi alimjibu Bibi kwa mazoea, bila kutazama kioo. Alasiri moja Bibi aliuliza kama kawaida, "Wanasemaje leo?"

Loisi alitazama kioo. Kiliandika elfu tisini na nane.

"Laki moja na nusu, Bibi."

"Rudia."

Akarudia. Bibi akacheka kama siku zote, na Loisi akajua kwamba hajawahi kufanya jambo baya kama lile.

Tangu siku hiyo hakutulia. Akila, chakula hakishuki. Akikaa, anasimama. Darasani Mwalimu Angelina alimwita ubaoni kutafuta asilimia, akabaki ameshika chaki mpaka wenzake wakaanza kumcheka. "Loisi, mwili uko hapa, roho iko wapi?" mwalimu aliuliza. Roho ilikuwa nyumbani, ndani ya simu, inahesabu pesa zilizoliwa.

Tena simu yenyewe haikumpa nafasi. Ililia asubuhi, ikalia mchana. "Hongera Penina! Umepata michezo mitano ya bure!" "Penina, leo ni siku yako ya bahati!" Kila ilipolia, Bibi alitega sikio.

"Nani huyo?"

"Kampuni ya simu, Bibi."

"Watu hawa wananipenda kweli," Bibi alisema, na Loisi alitamani ardhi ipasuke aingie.

Alijaribu kuacha. Alipitisha siku mbili bila kufungua mchezo, na ya tatu akakumbuka kwamba Jumatatu ya Mvumi inakaribia na pesa haipo. Woga ukamrudisha kulekule alikotoka. Ijumaa ilipofika, katika laki moja na nusu ya Bibi zilikuwa zimebaki shilingi elfu nne na mia mbili.

Na Ijumaa hiyohiyo Bibi alijifunga khanga mpya akasema, "Nipeleke kwa Altaf tukatoe pesa. Jumatatu sitaki haraka."

"Bibi, nadhani leo mtandao unasumbua."

"Tutausubiri palepale. Dukani kwake kuna benchi."

Bwana Altaf alikuwa na duka la pembejeo sokoni, na pembeni alifanya kazi ya uwakala wa pesa za simu. Familia yake ilifanya biashara Dodoma tangu enzi za babu yake, naye alizoea kuwasalimu wazee wa Kigogo kwa lugha yao.

"Mbukwenyi, Bibi Penina! Karibu ukae."

"Mbukwa, mwanangu. Nitolee laki moja na nusu. Naenda kuyafungua macho."

"Alhamdulillahi! Loisi, ingiza namba ya siri."

"Mtandao unasumbua," Loisi alisema kwa sauti ndogo.

"Mbona mimi nimetoka kumtolea mteja sasa hivi? Hebu jaribu."

Alijaribu. Simu ililia, na Bwana Altaf, aliyekuwa ameinama juu ya meza, akaisoma, akakunja uso.

"Bibi, inasema salio halitoshi. Kuna elfu nne na mia mbili tu."

Bibi alitabasamu, akidhani ni utani. Aliposikia hakuna aliyecheka, tabasamu likamtoka.

"Haiwezekani. Jana tu lilikuwa laki moja na nusu. Nilisomewa."

"Basi ni matapeli," Bwana Altaf alisema kwa hasira. "Siku hizi wanapiga simu kwa wazee, wanaomba namba za siri. Bibi, kuna mtu mwingine ameishika simu yako?"

Bibi alifikiri. "Mwanaidi," alisema polepole. "Juzi aliponiletea maji alinisaidia kuipokea. Mwanaidi jirani yangu! Mimi nilimwona mtu mwema."

"Basi twende kwa mwenyekiti wa kijiji," Bwana Altaf alisema, akitafuta funguo za duka.

Loisi alisimama katikati yao. Njia ilikuwa wazi mbele yake, pana na rahisi: anyamaze tu. Mwanaidi, mwanamke aliyewachotea maji miezi yote bila kuomba hata asante, angeitwa mwizi, na yeye angebaki kuwa macho ya Bibi.

"Si Mwanaidi," alisema. "Bibi, si Mwanaidi! Ni mimi. Nimecheza kamari kwenye simu. Nimeliwa yote."

Akaeleza kila kitu huku analia, toka elfu ya kwanza hadi ya mwisho. Bwana Altaf aliziweka funguo mezani. Bibi hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Na kila siku ulinisomea," alisema.

"Ndiyo, Bibi."

"Hata jana."

"Hata jana."

"Mimi sioni, Loisi. Pesa nitaitafuta, nimezoea kutafuta. Ila wewe ulimdanganya mtu asiyeona." Akajifuta machozi kwa pindo la khanga.

Bwana Altaf alimpigia Mjomba Abeli, naye akafika mbio na bodaboda yake. Aliposikia habari alianza kumkemea Loisi, "Mtoto gani wewe! Nani alikwambia—"

"Ngoja, Abeli," Bwana Altaf alimkatiza. "Mchezo huo aliuona kwa nani?"

Abeli akaangalia viatu vyake.

"Ulimwonyesha ulivyokula. Je, ulimwonyesha ulivyoliwa? Sheria inakataza mtu chini ya miaka kumi na minane kucheza kamari, na sababu yake hii hapa inalia mbele yetu. Tena nikuambie wewe uliye mtu mzima. Hata mimi huwa nacheza. Natenga elfu mbili kwa wiki, naihesabu kama pesa ya soda. Nikishaimaliza, imekwisha. Umewahi kuona mtu amekunywa soda yake halafu akarudi dukani kuidai? Pesa ya chakula siigusi, ya kukopa siigusi, na siku nikiona elfu mbili hainitoshi, nitaifunga akaunti siku hiyohiyo. Wewe unatenga ngapi?"

Abeli aliketi kwenye benchi. "Sitengi," alisema. "Ya bodaboda yote inaishia humo. Hata ya mafuta. Nikiliwa nataka kurudisha. Nilidhani ni mimi peke yangu niliye hivyo."

Loisi alimtazama mjomba wake kwa mshangao. Mtu yule mwenye maneno mengi alikuwa na hofu ileile aliyokuwa nayo yeye.

Palepale Bwana Altaf aliipigia kampuni ya mchezo ili akaunti ifungwe. Dada wa huduma kwa wateja alitaka kuongea na mwenye laini, akapewa Bibi.

"Mama Penina, tunasikitika kukupoteza," dada alisema.

"Mimi sisikitiki hata kidogo," Bibi alijibu. "Funga mlango huo, mwanangu, wala usinitumie tena salamu zako za hongera." Bwana Altaf alishindwa kujizuia, akacheka. Akaunti ilifungwa. Pesa haikurudi hata senti.

Jumatatu ya Mvumi ilipita. Walipangiwa siku nyingine, mwezi mzima baadaye, na mwezi huo Loisi aliuona kwa uchungu. Wiki ya pili Bibi alipapasa akitafuta mwiko, akaushika ubavu wa chungu cha mlenda kilichokuwa kinachemka. Kiganja kilivimba malengelenge. Loisi alimpaka dawa akilia, maana alijua kwamba bila kosa lake Bibi angekuwa ameshaona chungu kile.

Mama alikuja kutoka Kongwa, akamsema bintiye siku nzima, akatoa alichokuwa nacho. Mjomba Abeli aliiuza simu yake ya tachi, akanunua kitochi cha kupigia tu, na pesa iliyobaki akamkabidhi Bibi. Loisi naye alikwenda kwa Mwanaidi kuomba radhi kwa jina lake lililotajwa vibaya. Kila Jumamosi alichuma zabibu za mwisho shambani pamoja na mjomba wake. Siku nyingine Abeli alisema vidole vinamwasha, anatamani kucheza. "Chuma, Mjomba," Loisi alimjibu, nao wakaendelea kuchuma.

Hayawi hayawi, yakawa. Bibi alifanyiwa upasuaji, na kesho yake muuguzi akamfungua bandeji kwenye baraza ya wodi. Bibi alipepesa jicho. Likatoa machozi. Kisha akamtazama mjukuu wake kuanzia utosini hadi miguuni.

"Kumbe umerefuka hivi," alisema. "Na umekonda. Hukuniambia."

Loisi alicheka na kulia kwa pamoja. Bibi akaomba simu, akageuka pembeni, akaisogeza karibu na jicho jipya. Kwa shida, akibonyeza kidogo kidogo na kumuuliza muuguzi, akabadilisha namba ya siri.

"Hutaniambia hiyo mpya, Bibi?"

"Sikuambii."

Loisi aliinamisha kichwa. "Bado hujanisamehe."

"Nilikusamehe palepale dukani, uliposema si Mwanaidi. Ungeweza kunyamaza, na mimi nisingejua mpaka naingia kaburini. Lakini sikiliza. Mbuzi wangu nawapenda, na kila jioni nafunga zizi. Sifungi kwa chuki. Wewe umeonja kitu kinachovuta, na mjomba wako kimemvuta mtu mzima na ndevu zake. Pesa ya kamari haina huruma ya mtoto wala ya kipofu. Ukikua utakuwa na simu yako na pesa zako, na hakuna atakayekufungia. Ujifungie mwenyewe. Mwenye akili anajua panapomtelezesha, hapapiti. Na ukiteleza, sema siku ileile. Elfu mbili ingekwisha kwa kofi moja. Uongo ndio ulioifikisha laki."

"Nimesikia, Bibi."

Ajabu ni kwamba Loisi hakuumia. Namba asiyoijua ilikuwa mzigo asioubeba, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi kifua chake kilitulia. Akanyoosha mkono amshike Bibi wateremke ngazi za baraza, kama alivyozoea.

"Niache," Bibi Penina alisema. "Naziona."

Akateremka mwenyewe, ngazi moja, ya pili, ya tatu, na Loisi akamfuata nyuma.