Zamu Yoyote

Nilitoka Kawajense, hapa Mpanda, saa kumi na mbili jioni kwenda kujaribu gurudumu la mbele la pikipiki yangu. Hilo tu. Sikwenda kutafuta wafu.

Ilikuwa mwezi wa sita, sabini na nane. Nina degree ya mechanical, nalala sebuleni kwa dada yangu Pelagia, mjane, anayenilisha kwa kushona sare za shule. Kazi niliyopangiwa Dar ilifutwa kabla sijaianza, kwa sababu nilimwambia mkubwa mmoja mbele ya watu kwamba ameshika mchoro kichwa chini miguu juu. Was I wrong? Alikuwa ameushika kichwa chini miguu juu.

Basi Kasimu, msimamizi wa karakana ya kampuni moja ya barabara, akatangaza mbio za pikipiki siku ya Saba Saba. Mshindi anapewa kazi ya ufundi. Na mbio zenyewe si za porini. Nyuma ya kilima, kwenye mgodi uliofungwa zamani, Wazungu waliacha kijia cha saruji chenye kona tisa. Watoto wao walikuwa wakikimbizia hapo vigari vya injini ya kukatia nyasi.

Mimi nilikuwa na pikipiki ndogo ya porini, chakavu ya mapadri, ndefu kama korongo, tairi zina meno. Kwenye saruji meno yale yanayumba, unakwenda chini. So I redesigned it. Nikaishusha shokapu. Nikang'oa gurudumu kubwa la mbele, nikafunga rimu ndogo ya skuta kwenye habu ya pikipiki kubwa ili nipate na breki yake. Spoksi thelathini na sita, nimezikata na kuzitia hesi mwenyewe, moja moja. Ikabaki tairi.

"Nataka zilizokwisha kabisa," nilimwambia Zubery, muuza spea wa Majengo.

Alinitazama kama mgonjwa. "Watu wanalilia tairi zenye meno, wewe unataka vibogoyo? Ndicho mlichosomea huko?"

"Kwenye saruji mpira laini ndio unaoshika. Inaitwa friction, Zubery."

"Haya, bwana digrii. Hiyo friksheni ikikuua, usinitaje kwa dada yako."

Nilifika mgodini jua linazama. Cha kwanza kilichonishangaza, kijia kilikuwa safi. Kiangazi kile vumbi limefunika mpaka majani ya miti, lakini saruji ile... imefagiliwa. Michirizi ya ufagio ilionekana.

Nikadhani ni watu wa Kasimu.

Mzunguko wa kwanza, taratibu. Wa pili nikailaza kwenye kona, tairi zikashika kama zimegundishwa. Sioni haya kusema, machozi yalinitoka. Kwa mara ya kwanza mwaka mzima nilikuwa nimefanya kitu kikakubali. Wa tatu nikafungua moto wote.

Kona ya sita, harufu.

Kabaidi. Ile ya taa za wachimbaji, kama vitunguu saumu vilivyooza. Na mgodi umefungwa tangu mimi niko darasa la pili.

Nikazima injini. Kimya... kisha nikasikia.

Shwaa. Shwaa. Shwaa.

Fagio. Nyingi. Zinakwenda pamoja.

Mtu alisimama ndani ya kona, kofia ya bati kichwani, ubao wa kuandikia mkononi.

"Arobaini na tatu," alinong'ona. "Sekunde."

Mzunguko wa pili nilikuwa nimeupima kwa saa yangu. Hivyo hivyo. Moyo ukatulia kidogo, maana anayepima muda bila shaka ni mtu wa mbio.

"Shikamoo, mzee. Wewe ndiye taimkipa?"

"Tangu zamani." Shikamoo hakuipokea. "Unatafuta kazi?"

"Natafuta, mzee. Natafuta sana."

"Zamu ipi?"

Hapa ndipo mdomo uliponiponza, mdomo ule ule wa Dar. Mwenye akili angeuliza ni zamu za kazi gani, na kazi ya nani. Mimi nilikuwa nimechoka kula jasho la mjane.

"Zamu yoyote. Hata zote."

"Jina la ubatizo. Na la nyumbani."

Nikampa yote mawili.

Aliandika polepole. Alipomaliza, fagio zikanyamaza.

Ndipo nikawaona. Kandokando ya saruji, kama ishirini hivi, wameinama. Wakainua nyuso, wote kwa mara moja. Mmoja akasogea, akaacha nafasi kwenye mstari. Nafasi ya mtu mmoja. Alivaa shati la mistari, bega la kushoto limeshuka.

Bartolomeo.

Mume wa Pelagia. Mimi mwenyewe nilishika kamba ya jeneza lake, mwezi wa tatu.

"Shemeji..." nilinong'ona.

Alifungua kinywa. Ndani hamkuwa na ulimi.

Sikumbuki niliwashaje pikipiki.

Nilimweleza Pelagia yote. Hilo lilikuwa kosa la pili. Nilitegemea apige yowe. Aliweka sindano chini.

"Amekonda?"

"Dada, amekufa."

"Nimeuliza amekonda?"

Tangu siku hiyo nalala miguu misafi, naamka ina saruji mpaka kwenye vifundo. Viganja vimetoka malengelenge. Ndoto sioti. Saba Saba ilipofika, vidole havikuweza kubana breki. Mzunguko wa pili nikaanguka mbele ya Mpanda nzima, kazi akapewa kijana wa Kashaulili mwenye tairi za meno, ambaye hata kona hajui kukata.

"Mashine nzuri, msomi," Kasimu aliniambia. "Dereva ndiye hoi. Hulali?"

Zubery, nilipomwuliza pembeni, alinong'ona kwamba karani mmoja wa mgodi alikuwa akifuga misukule, akafa bila kuwaambia waache kazi. Akafikiri. "Au hakufa," akasema, akafunga duka.

There you have it. Graduate wa kwanza Mpanda kuajiriwa na marehemu. Zamu zote, mshahara hakuna, likizo hakuna.

Jana niliandika barua. Dear Sir, I hereby resign. Kiingereza safi, sahihi chini, ili nikaiweke kona ya sita kabla jua halijazama. Pelagia akanikuta naikunja.

"Inasema nini hiyo?"

"Naacha kazi."

Aliichukua mkononi mwangu bila nguvu, akaitia jikoni chini ya sufuria ya viazi vitamu. Tukaitazama mpaka ikawa jivu. Kisha akaepua viazi vinne, akavifunga kwenye kitambaa, akaviweka kando ya mkeka wangu, akanitandikia shuka.

"Lala mapema, kaka," alisema. "Vya jana shemeji yako alivimaliza."