Mkalimani Aliyehama

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe 2 Julai 2001, siku ya kufungua ununuzi wa pamba. Milembe alichota maji, akafagia uwanja, kisha akamfuata shangazi yake Specioza kiwandani, nje kidogo ya Bariadi, kama kawaida yake wakati wa likizo. Shangazi ndiye aliyeshughulikia kompyuta ya mizani.

Jana yake wakubwa wa kampuni walikuwa wameleta kompyuta mpya bila kumuuliza mtu. Sasa programu ya mizani iligoma. Kioo kiliandika kwamba kuna kitu hakipatikani, na programu yenyewe iko palepale! Nje mikokoteni ilibanana hadi barabarani, haiendi mbele wala nyuma, ng'ombe wakiwa bado na nira shingoni.

"Mama, pamba yetu iote humu humu?" mzee Mboje alipaza sauti dirishani.

Meneja Anatoli akaziba mlango. "Specioza, ikifika saa sita haijafanya kazi, huna kazi hapa."

Milembe alijua kosa liko wapi. Wiki iliyopita shangazi, aliposikia tetesi za mashine mpya, alimwagiza abadilishe mstari wa kwanza wa programu, ule unaoionyesha kompyuta mahali anapokaa mkalimani, yaani programu nyingine iitwayo perl, inayoisoma na kuitafsiria kompyuta. Yeye akaenda kucheza rede, akarudi akasema amemaliza.

"Shangazi," alisema, machozi yakimlenga, "sikubadilisha. Nilikudanganya."

Specioza akafungua programu. Mstari ulisomeka: #!/usr/local/bin/perl

"Kwenye mashine ya zamani mkalimani alikaa hapo. Kwenye hii anakaa kwingine. Ukimtuma mtu kambi ya ng'ombe ya babu yako Shigela, unamwonyesha mahali?"

"Hapana, kambi huhama, atakuta majivu. Namwambia aulize jina la babu njiani."

"Basi andika hivyo."

Milembe akaandika: #!/usr/bin/env perl

Safari hii kompyuta ilimtafuta mkalimani kwa jina, njia baada ya njia, ikampata. Printa ikaanza kulia. Anatoli akaondoka bila hata pole.

"Ng'wana wane, mwanangu, umetuokoa!" Mboje akacheka.

"Ndiye aliyewachomesha jua," Specioza alisema. "Milembe, kosa limerekebishwa kwa mstari mmoja. Uongo ndio uliotufungia humu. Kazi ambayo hujaifanya, sema hujaifanya."

Milembe akainamisha kichwa. "Nimesikia, shangazi."

"Mtoto amekiri," Mboje alisema, akiangalia ofisi ya meneja. "Na hao walioleta mashine jana bila kuijaribu, wao watakiri kwa nani?"